Binti Anataka Kusomea Maji, Sisi Tunahesabu Karo

Siku hiyo haikuwa zamu ya mtaa wetu kupata maji. Mpwa wangu alikuwa mezani kwangu hapa Umoja, kompyuta yangu mbele yake, tovuti ya KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, imefunguka, daftari pembeni. Mlangoni kijana wa mkokoteni anashusha mitungi ya lita 20 na kudai nyongeza ya ngazi, kwa sababu tunakaa juu.

"Anko," akaniuliza bila kuinua macho, "hii ya maji na hii ya bahari, ipi ni nafuu?"

Kwenye daftari kulikuwa na kozi mbili. Moja ni hidrolojia, yaani sayansi ya maji ya mito na ya ardhini, na usimamizi wa rasilimali za maji, katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kitui. Ya pili ni usimamizi wa rasilimali za bahari, Technical University of Mombasa. Dada yangu akajibu kutoka jikoni kabla sijafungua mdomo: "Muulize uuguzi ameuweka wapi kwenye hiyo orodha."

Nikamlipa kijana wa mitungi. Swali nikaliacha mezani.

Wiki zimepita na bado linanifuata hadi kwenye matatu. Ni swali rahisi la binti aliyepata B- kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ambaye mama yake anauza mitumba Gikomba. Angeweza kujibiwa kwa nambari moja. Tatizo ni kwamba kila nilipoishika hiyo nambari, iligeuka.

Bei tano za kozi moja

Wenye watoto waliofanya KCSE tangu 2022 wanaujua mfumo wa ufadhili wa madaraja matano: familia ikionekana na uwezo zaidi, serikali inabeba kidogo na familia inalipa zaidi. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba mwishoni mwa 2024, rufaa ikafuata, na watoto wetu wakaendelea kupangwa kwa mfumo uleule. Wazazi tumezoea kuishi katikati ya kesi.

Kilichonikwamisha ni hesabu yenyewe. Tuseme kozi ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Aliye daraja la kwanza, serikali inambebea asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia inatoa asilimia 5, yaani 10,000. Aliye daraja la tano anabebewa asilimia 30, anakopa 30, na familia inatoa asilimia 40: shilingi 80,000. Darasa ni moja, mhadhiri ni mmoja, na mmoja analipa mara nane ya mwenzake.

Halafu daraja lako hulijui unapochagua. Unachagua kozi kwanza, unapata nafasi, ndipo unaomba ufadhili na kupimwa uwezo wa familia. Mama mwenye kibanda Gikomba anaonekanaje kwenye kipimo hicho? Mwezi wa Desemba yeye ni tajiri. Februari anakopa nauli.

Kwa hiyo kuingia kwenye tovuti na kutafuta "kozi ya bei nafuu" ni kutafuta kitu ambacho bado hakijaandikwa. Gharama ya programu unaiona hapo. Bei yako wewe huioni.

Nilipomweleza hivi aliniangalia kama mtu aliyekwepa swali. Nafikiri alikuwa sahihi kiasi.

Mkopo nao hauko mbali na hesabu hii. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, inatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu ukilinganisha na chochote utakachopewa kwa simu, lakini ni deni. Asilimia 30 ya ile 200,000 ni 60,000. Kwa miaka minne ni 240,000 kabla ya riba. Nani atamwajiri ili azilipe? Hapo ndipo swali la karo lilipoanza kuwa swali la maji.

Gharama zisizo na risiti

Dada yangu anaamini chuo cha karibu ndicho cha bei nafuu. Kwa kiasi fulani ni kweli. Kwa Vonza, iliko kampasi kuu ya kile chuo cha Kitui, mtoto anaweza kurudi nyumbani wikendi akabeba unga, mafuta na sufuria iliyosahaulika. Mombasa ni safari. Treni ya kawaida ilipanda hadi shilingi 1,500 kwenda tu mwanzoni mwa 2024, na bado hujafika Tudor, kilipo chuo.

Ila kuna gharama nyingine ambayo wazazi hatuiandiki popote, nayo ni muda. Kila muhula unaoliwa na mgomo wa wahadhiri ni kodi ya chumba inayolipwa bila masomo. Kila mwaka anaokaa nyumbani baada ya kuhitimu, akijitolea hapa na pale kwa nauli ya kuomba, ni mwaka wa karo ambao hatukuuhesabu. Nikaanza kuandika hesabu yangu upya: kuanzia siku ya kujiandikisha mpaka mshahara wa kwanza. Ukihesabu hivyo, kozi ya karo ndogo inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Na kuna kozi zenye mahitaji yake. Mtu wa bahari lazima aende baharini. Mikoko hupimwa ukiwa ndani ya tope, matumbawe huhesabiwa ukiwa ndani ya maji, na samaki hupimwa pale wanapotua, asubuhi, wavuvi wakiwa na haraka. Muulize binti yangu huyu wa Kayole kama anajua kuogelea.

Hajui. Hata kwenye dimbwi.

Jirani wa kampuni ya maji

Kwenye ghorofa letu anakaa mzee mmoja anayefanya kazi katika kampuni ya maji ya kaunti fulani jirani. Nilimtega kwenye ngazi nikamweleza kisa chote. Hakuuliza chuo. Aliuliza, "Anataka kuwa mhandisi, mwanasayansi au fundi?"

Nikasema anataka kusomea maji.

"Basi bado hajachagua."

Maneno hayo yaliniudhi kwa siku kadhaa, mpaka nilipoyafuatilia. Anayetaka kusanifu mabwawa na mitandao ya mabomba na kutia sahihi kwenye michoro, anahitaji digrii ya uhandisi inayotambuliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Egerton wana uhandisi wa maji na mazingira, kwa mfano. Digrii ya usimamizi wa rasilimali za maji, hata iwe nzuri namna gani, haimpeleki huko. Inampeleka kwingine: kupima mto una maji kiasi gani, kujua akiba ya maji ya chini ya ardhi inajaa kwa kasi gani, kuamua nani apewe kibali cha kuvuta lita ngapi. Majina ya kozi hizi yanafanana sana na ukiwa umechoka saa nne ya usiku unaweza kubofya moja ukidhani ni nyingine.

Ningekuwa na uwezo, ningeweka onyo hilo kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti.

Kazi hizo za kupima na kugawa zipo. Sheria ya Maji ya 2016 iliunda Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ya kusimamia mito na maji ya ardhini, na WASREB ya kuzidhibiti kampuni zinazotuuzia. Kaunti zina idara zao za maji. Mashambani kuna vyama vya watumiaji maji vinavyosuluhisha ugomvi wa wa juu na wa chini ya mto. Kama nafasi zinatosha wote wanaohitimu ni jambo jingine, na jirani yangu hakunificha: ofisini wanaotafuta kiti ni wengi. "Lakini mtu wa kusimama mtoni na kipima-mkondo, akarudi na takwimu ambazo naweza kuziamini, huyo namtafuta kwa tochi."

Nairobi yenyewe ni ushahidi kwamba kazi hiyo si ya kubuni. Maji mengi tunayopata yanatoka kwenye bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Linajazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Mvua ikikawia kule, mgao unabana huku. Kisha ukaja Aprili 2024, mvua ikazidi, na mji uleule unaolia kiu ukawa unaokoa watu juu ya mapaa kule Mathare. Mji unaokauka na kuzama katika miaka mifupi hivyo una uhaba wa watu wanaosoma mito kabla mito haijausoma mji.

Na hapo katikati, kila jengo jipya linachimba kisima chake. Tunavuta maji ya chini kama pesa ya chama ambayo hakuna mwekahazina anayejua salio lake.

Aibu ya diploma

Kuna njia ambayo niliipigania nyumbani nikashindwa, na nitaieleza hata hivyo.

South C kuna Taasisi ya Maji ya Kenya, KEWI. Wanafundisha mambo ya maji kwa ngazi ya cheti na diploma: uhandisi wa maji, uchimbaji wa visima, maabara. Mpwa wangu angelala kwao Kayole, angekula ugali wa mama yake, na angejifunza kushika vifaa vile ambavyo jirani yangu anasema hapati mtu wa kuvishika. Mikopo ya HELB ipo hata kwa vyuo vya ngazi hiyo. Baadaye angepanda ngazi hadi digrii, akiwa tayari na kitu cha kuuza mkononi. Kwa hesabu yangu ya mshahara wa kwanza, hakuna njia iliyoikaribia.

Dada yangu aliniuliza kama ningemshauri hivyo mtoto wangu mwenyewe.

Ningemshauri. Lakini naelewa alichomaanisha. Diploma inaingiwa na C-, na mtoto wake ana B-. Mama aliyesimama Gikomba miaka yote hiyo akingoja B- hataki kuambiwa kwamba mlango wa C- ndio wenye busara. Wenzake watauliza mtoto ameitwa chuo kikuu gani, na atalazimika kueleza. Watu wa elimu huiita hiyo dhana potofu. Mimi nimekaa kwenye kile kibanda chake, na najua ni bei pia, na yeye ndiye anayeilipa.

Aliyenizima kabisa ni binti mwenyewe, na hakutaja aibu. "Anko, diploma ni karibu miaka mitatu. Nikitaka digrii baadaye, chuo ndicho kinaamua kitanihesabia nini. Naweza kuanza mwaka wa pili, naweza kuanza mwanzo. Wewe umesema muda ni pesa."

Nilikuwa nimesema.

Bado nadhani kwa mtoto mwenye C au C- anayependa maji, South C ni mlango wa kwanza kuugonga, na ningewaomba wazazi wasiupite wakienda kukopa karo ya chuo cha binafsi ambako ruzuku ya serikali haitawafuata. Kwa huyu wa B-, nilikubali kwamba hesabu inaweza kwenda pande zote mbili.

Kwenye ramani

Bahari nilikuwa nimeiweka kando kimyakimya. Niliiona kama anasa: mbali, ghali, na imejaa ahadi. Novemba 2018 dunia ilikuja KICC, jumba la mikutano hapa Nairobi, kwenye mkutano wa uchumi samawati, yaani uchumi wa bahari, maziwa na mito, na tangu hapo kila hotuba ya maendeleo ina samaki ndani yake. Hotuba haiajiri. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ipo tangu 1979, ni ya heshima, lakini haiwezi kumeza kila anayehitimu Mombasa, Kilifi na Eldoret. Na nusu ya watu niliowaambia "kozi ya bahari" walidhani mtoto anaenda kufanya kazi melini. Hiyo ni njia nyingine kabisa, yenye vyeti vyake vya ubaharia, na wa kuulizwa ni chuo cha Bandari Maritime Academy.

Siku moja alinitumia ujumbe: "Mto Nairobi unaishia wapi?"

Nikamjibu unaingia Athi.

"Na Athi?"

Nilidhani ananichezea. Alikuwa amefungua ramani. Athi inashuka, inapita mpakani mwa Kitui na Makueni, ikifika chini inaitwa Galana, halafu Sabaki, na inamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Uchafu wa Korogocho na udongo wa mashamba ya Ukambani vinatoka kwenye mdomo mmoja. Wanaotembelea Malindi msimu wa mvua wanajua maji yanavyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, yanapokea udongo huo.

"Kwa hiyo nikisoma Kitui," akaandika, "nasoma mto huohuo. Bahari iko mwisho wake."

Sijui kama alikuwa amelifikiria au limemjia tu akiwa kitandani. Kwangu mimi hapo ndipo kozi mbili zilipoacha kushindana. Nikakumbuka Gazi, Kwale, ambako wanakijiji wanalinda mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo inaihifadhi, tangu 2013. Sehemu ya pesa hizo iliingia kwenye miradi ya maji safi ya kijiji. Mikoko ya maji chumvi imelipia mfereji wa maji baridi. Anayesimamia kimoja bila kukijua kingine anasimamia nusu.

Hilo halikupunguza karo hata senti. Lilibadilisha kitu tunachonunua. Ikiwa shahada ya kwanza ya mto haimfungii bahari, basi anaweza kuanza karibu na nyumbani, kwa nauli ndogo, na kuifuata bahari baadaye kwa shahada ya pili, wakati ambapo kuna misaada ya utafiti ya kushindania. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, hutoa misaada ya namna hiyo kwa ukanda wetu. Ila kinyume chake pia kinawezekana, na yeye alinikumbusha hivyo kwa furaha isiyo ya lazima.

Simu kwa wasiotujua

Tulichofanya baadaye ni kuwatafuta wanafunzi. Yeye aliwatafuta, mimi nilinunua vocha. Si maofisa wa udahili, hao watakwambia kila kitu ni kizuri. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, waliokwishatoka atachimenti, yale mafunzo ya kazini.

Maswali yake yalikuwa bora kuliko yangu. Hakuuliza kama kozi ni ngumu. Aliuliza: mara ya mwisho mlienda mtoni lini? Kifaa cha kupima mkondo kipo kimoja au kila kikundi kina chake? Ramani za kompyuta mnafundishwa kwa kuzichora au kwa slaidi? Waliokutangulia walifanyia atachimenti wapi, na kuna aliyebakishwa? Mmoja alicheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mtu ambaye bado hajalipa.

Majibu siwezi kuyaandika hapa kwa sababu ni ya watu na hayakufanana. Jambo moja tu: wote walioonekana kuwa na mwelekeo walikuwa wamejifunza kitu nje ya darasa kwa gharama ndogo. Ramani za kompyuta kwa programu ya bure. Kuchukua sampuli za maji na chama cha watumiaji mto. Kuandika ripoti ambayo mtu anaweza kuisoma bila kuumwa kichwa. Yule jirani wa ngazi nilipomweleza alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za zamani.

Na mmoja wa Mombasa alisema wazi: mwaka wa kwanza aliogopa maji, akajifunza huko huko, na waliokuja wakijua kuogelea walikuwa na kazi rahisi zaidi.

Tulipofika

Ameomba. Kitui ya kwanza, Mombasa inafuata, na uuguzi umeingia chini kidogo kwa amri ya mama. Kitui ilishinda kwa nauli na kwa Mto Athi, kwa kiwango ambacho hatukubaliani. Mimi nasema nauli.

Dada yangu hajasema ndiyo. Ila Jumamosi iliyopita alimuuliza mteja wake mmoja wa Kitui bei ya godoro Kwa Vonza, na kama vyumba vya huko vina maji. Akaambiwa vingine vina tangi. Akauliza linajazwa na nani.

Vyeti vya kuombea ufadhili tumeshavipanga kwenye bahasha moja ili isiwe mbio za dakika ya mwisho. Kilichobaki ni dimbwi. Natafuta mahali pa kufundishwa kuogelea upande huu wa Eastlands, kwa bei ambayo mtu anaweza kuitaja mbele ya dada yangu. Ukipajua, niandikie.